Ufunguzi wa Kiitaliano na mchezo wa Steinitz dhidi ya von Bardeleben: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachezaji wa mashindano Nairobi

Majibu haya ni ya mchezaji wa Nairobi anayejiandaa kwa mashindano ya chesi ya muda mrefu na anataka ufunguzi mmoja wa kuutegemea akipewa kete nyeupe. Mfano unaotumika ni mchezo mmoja wa mwaka 1895. Weka ubao mbele yako kabla ya kuendelea, maana hatua zinafuatana na ukizisoma kwa macho tu utapotea ukifika ya kumi.

Herufi za karatasi ya hatua zinasomwaje?

Katika mashindano yetu karatasi hujazwa kwa herufi za Kiingereza. K ni mfalme, Q ni malkia, R ni ngome, B ni askofu, N ni farasi. Askari hana herufi. Unaandika mraba anaokwenda, basi. Alama ya x ni kula, + ni cheki, # ni chekimeti (au mati kwa kifupi), na 0-0 ni kaslingi ya upande mfupi, yaani mfalme na ngome kusogezwa katika hatua moja. Nukta tatu baada ya namba, kwa mfano 7...Nxe4, zina maana kwamba hiyo ni hatua ya Nyeusi.

Mchezo wenyewe ni upi?

Ni Wilhelm Steinitz kwa kete nyeupe dhidi ya Curt von Bardeleben wa Ujerumani, mjini Hastings, Uingereza, Agosti 1895. Steinitz alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia anayetambuliwa rasmi, kuanzia 1886 hadi aliponyang'anywa taji na Emanuel Lasker mwaka 1894. Mashindano yale yalikuwa na wachezaji 22. Mshindi alikuwa kijana Mmarekani, Harry Pillsbury, akifuatwa na Chigorin, Lasker na Tarrasch. Steinitz, mwenye umri wa miaka 59, alimaliza wa tano, lakini mchezo huu ndio uliopewa tuzo ya uchezaji bora kuliko yote.

Hatua zake ni hizi:

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.c3 Nf6 5.d4 exd4 6.cxd4 Bb4+ 7.Nc3 d5 8.exd5 Nxd5 9.0-0 Be6 10.Bg5 Be7 11.Bxd5 Bxd5 12.Nxd5 Qxd5 13.Bxe7 Nxe7 14.Re1 f6 15.Qe2 Qd7 16.Rac1 c6 17.d5 cxd5 18.Nd4 Kf7 19.Ne6 Rhc8 20.Qg4 g6 21.Ng5+ Ke8 22.Rxe7+ Kf8 23.Rf7+ Kg8 24.Rg7+ Kh8 25.Rxh7+ na Nyeupe ikashinda.

Usianze kukariri. Zicheze ubaoni mara moja kwa mwendo wa kawaida, kisha urudi hatua ya saba na usome jibu linalofuata.

Hatua sita za kwanza zina kazi gani?

Hatua tatu za kwanza, hadi 3.Bc4, ndizo ufunguzi wa Kiitaliano. Askofu wa c4 anautazama mraba wa f7, ambao mwanzoni mwa mchezo hulindwa na mfalme peke yake. Hatua ya 4.c3 humwandalia njia askari wa d4, ili Nyeupe iwe na askari wawili katikati, e4 na d4. Nyeusi ikishakula d4 nawe ukala kwa askari wa c, askofu wa c5 anashambuliwa na hana budi kuamua aende wapi.

Hapo ndipo wengi wanaocheza Nyeusi huteleza kwa kumrudisha b6. Ukiona 6...Bb6, cheza 7.d5 bila kusita. Farasi wa c6 akienda a5, jibu ni 8.Bd3, na sasa unatishia b4: farasi yule hana mraba salama hata mmoja, kwa kuwa c6 inashikwa na askari wako wa d5, c4 na askofu, b3 na askari wa a2. Akienda e7 badala yake, unasukuma 8.e5, farasi wa pili naye anafukuzwa, na askari wako wanakuja kama mafuriko. Kwa hiyo 6...Bb4+ si mapambo. Ile cheki inainunulia Nyeusi muda mmoja, na bila muda huo inasongwa.

Nyeusi ilikosea wapi hasa?

Jibu la haraka ni hatua ya 17. Jibu lenye manufaa zaidi ni kwamba taabu ilianza hatua ya saba. Kwa 7...d5 Nyeusi ilifungua mstari wa e ilhali mfalme wake bado yuko e8. Nyeupe ikafanya kaslingi hatua ya tisa. Nyeusi haikuifanya kamwe.

Sasa tazama hatua ya 11 hadi ya 13. Kila upande ulitoa kete tatu ndogo. Mchezaji wa kawaida akiona kete zinabadilishwana kwa wingi hivyo hupumua, akidhani shambulio limekwisha. Hapa ilikuwa kinyume: kila ubadilishanaji uliondoa ngao moja mbele ya mfalme mweusi, hadi ikabaki moja tu, farasi wa e7. Kisha ikaja 14.Re1. Nyeusi ikifanya kaslingi sasa, mfalme anaacha kumlinda farasi huyo, na 15.Rxe7 inamla bure.

Hatua ya 14...f6 ina nia nzuri. Inamzuia farasi mweupe asiende e5 na inamfungulia mfalme mlango wa f7, ili afanye kaslingi kwa miguu. Gharama yake ni mraba wa e6. Askari wa f akishasogea f6, na askari wa d hayupo tena, hakuna askari mweusi awezaye kumfukuza farasi atakayetua pale.

Steinitz alikuwa na shida moja: farasi wake wa f3 hana njia ya kufika e6, kwa sababu mraba wa d4 umekaliwa na askari wake mwenyewe. Ndiyo maana ya 17.d5. Anamtoa askari sadaka ili aache nafasi. Nyeusi ikala, 17...cxd5, na 18.Nd4 ikafuata mara moja, farasi akielekea e6. Kule kula kwa 17...cxd5 ndiko kosa la wazi. Ilipaswa kucheza 17...Kf7, ikubali kwamba 18.dxc6 Nxc6 inaiacha Nyeupe na mkono wa juu kidogo, lakini mfalme ametoka kwenye mstari wa e na ngome zake mbili zinaweza kuingia mchezoni.

Ukitaka kupima kama umeelewa, funga majibu haya uweke nafasi ya baada ya 16...c6. Kisha mweleze mwenzako kwa sentensi mbili kwa nini 17.d5. Ukihitaji sentensi tano, rudia.

Kwa nini Nyeusi haikuila ile ngome ya e7?

Hatua ya 21.Ng5+ inafanya kazi tatu kwa mpigo: inatoa cheki, inaifungulia ngome ya e1 njia ya kufika e7, na inamfungulia malkia wa g4 njia ya kufika d7. Askari wa f6 akimla farasi, Nyeupe inakula malkia bure. Mfalme akarudi e8, na Steinitz akacheza 22.Rxe7+.

Malkia akiila ngome, 22...Qxe7, basi 23.Rxc8+ Rxc8 24.Qxc8+, na Nyeupe inabaki na farasi mzima zaidi. Mfalme akiila, 22...Kxe7, inakuja 23.Re1+ Kd6 24.Qb4+ Kc7 25.Ne6+ Kb8 26.Qf4+ na kazi imekwisha. Kwa mfano 26...Rc7 27.Nxc7 Qxc7 28.Re8#, kwa kuwa malkia wa c7 amefungwa mbele ya mfalme wake na hawezi kuziba.

Von Bardeleben akachagua 22...Kf8, na hiyo ilikuwa hatua ya mtu anayejua mchezo. Hesabu kete nyeupe zilizo hatarini sasa: ngome ya e7, malkia wa g4, ngome ya c1, farasi wa g5. Zote nne zinaweza kuliwa. Zaidi ya hayo, mfalme mweupe mwenyewe hana dirisha. Nyeupe ikicheza kwa pupa 23.Qxd7, jibu ni 23...Rxc1+ na inamatiwa: 24.Re1 Rxe1#. Mabingwa wangapi wa mitaa wamepoteza michezo waliyokuwa wamekaribia kuishinda kwa kutosogeza h3 mapema!

Kwa hiyo Nyeupe haina ruhusa ya kucheza hatua hata moja isiyo cheki. 23.Rf7+ inalindwa na farasi. Mfalme akirudi e8, 24.Qxd7#. Malkia akiila, 24.Rxc8+ inafuata. Mfalme akienda g8, 24.Rg7+ tena, mfalme akiila ngome, 25.Qxd7+ ni malkia aliyeliwa kwa cheki. Ngome hiyo inatembea mlangoni mwa mfalme hatua nne mfululizo na hakuna anayeweza kuigusa bila kulipa zaidi.

Mwisho wake ulikuwaje?

Baada ya 25.Rxh7+ von Bardeleben hakusalimu amri wala hakusogeza. Aliondoka ukumbini akaiacha saa yake iishe. Steinitz akawaonyesha waliokuwepo njia ya mati: 25...Kg8 26.Rg7+ Kh8 27.Qh4+ Kxg7 28.Qh7+ Kf8 29.Qh8+ Ke7 30.Qg7+ Ke8 31.Qg8+ Ke7 32.Qf7+ Kd8 33.Qf8+ Qe8 34.Nf7+ Kd7 35.Qd6#. Zoezi zuri kwa jioni moja: zicheze kichwani kuanzia hatua ya 27, bila kugusa kete.

Je, siku hizi naweza kuondoka hivyo?

Hapana. Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, haziruhusu mchezaji atoke eneo la mashindano bila ruhusa ya mwamuzi, na ukijificha huku saa inaisha utahesabiwa kuwa umekosa uanamichezo. Ukishindwa, simamisha saa, mpe mpinzani mkono, tieni saini karatasi zote mbili. Dakika moja tu.

Nicheze kama Steinitz, hatua kwa hatua, Jumamosi ijayo?

Hadi hatua ya sita, ndiyo. Hatua ya 7.Nc3 ni tamu lakini inampa mpinzani aliyesoma nafasi ya kula: 7...Nxe4 8.0-0 Bxc3 9.d5. Hii huitwa shambulio la Møller. Njia kuu ni 9...Bf6 10.Re1 Ne7 11.Rxe4 d6 12.Bg5 Bxg5 13.Nxg5, na hapo 13...h6 inaitosha Nyeusi: ina askari mmoja zaidi na shambulio lako halina meno ya kutosha. Mpinzani asiyesoma atakosea mapema na utashinda vizuri sana. Swali ni unadhani umepangwa na nani.

Kama hutaki kubahatisha, kuna njia mbili. Ya kwanza ni 7.Bd2. Baada ya 7...Bxd2+ 8.Nbxd2 d5 9.exd5 Nxd5 10.Qb3 Nce7, nguvu ni sawa. Una askari mpweke wa d4 lakini kete zako zote zina kazi. Ikiwa Nyeusi itakula 7...Nxe4, jibu ni 8.Bxb4 Nxb4 9.Bxf7+ Kxf7 10.Qb3+, kisha unamla farasi wa b4 na kurudishiwa kete uliyotoa.

Ya pili, na ndiyo tunayompendekezea mchezaji wa mashindano yake ya kwanza hadi ya tano, ni kuacha d4 kwa muda na kucheza 5.d3. Mpango ni ule ule karibu kila mara: 0-0, Re1, Bb3, h3, farasi wa b1 kupitia d2 na f1 hadi g3, na d4 baadaye wakati kila kitu kimekaa. Mfano wa kawaida: 5.d3 d6 6.0-0 0-0 7.Re1 a6 8.Bb3 Ba7 9.h3 h6 10.Nbd2 Re8 11.Nf1 Be6. Wachezaji wa ngazi ya juu kabisa duniani hucheza hivi leo, kwa hiyo usione haya ukiambiwa ni polepole.

Mpinzani asipocheza 3...Bc5?

Mara nyingi itakuwa 3...Nf6. Wanafunzi wa shule hupenda kujibu 4.Ng5, wakiilenga f7. Ni hatua halali na ngumu kuijibu kwa asiyejua: baada ya 4...d5 5.exd5, kula tena 5...Nxd5 kunakaribisha 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+, mfalme akatoka uwanjani hatua ya saba. Anayejua hucheza 5...Na5, kisha 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6, anatoa askari mmoja na kupata kasi. Ukiona Na5 ikichezwa upesi bila kufikiri, jua umekutana na aliyejiandaa. Kama hupendi vurugu hizo, 4.d3 inakurudisha kwenye mpango ule ule wa juu.

Mtego wa 3...Nd4 bado unakamata watu kila msimu. Askari wa e5 anaonekana wa bure. 4.Nxe5 Qg5, na sasa 5.Nxf7 Qxg2 6.Rf1 Qxe4+ 7.Be2 Nf3#. Dawa ni 4.Nxd4 exd4 5.0-0. Una maendeleo mazuri zaidi, na mpinzani amesogeza farasi mmoja mara mbili ili abadilishwe tu.

Na akijibu 1...c5, 1...e6 au 1...c6, huo si ufunguzi wa Kiitaliano tena. Hitaji lako pale ni mpango mwingine mfupi kwa kila kimoja, hata kama ni hatua tano tano.

Kosa gani huonekana mara nyingi zaidi kwa wanaoanza?

4.Ng5 dhidi ya 3...Bc5. Farasi wa Nyeusi hajafika f6, kwa hiyo mshazari wa d8 hadi g5 uko wazi na malkia anamla farasi wako. Hutokea kwa sababu mtu amekariri hatua bila kutazama mpinzani amecheza nini.

La pili ni kusahau h3 na kumruhusu askofu wa c8 aje g4 amfunge farasi wa f3 wakati ambapo d4 inamtegemea.

Muda wa dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua nigawe vipi?

Mchezo wa hatua 60 unampa kila mmoja dakika 120, yaani saa nne kwa jumla. Hatua kumi za kwanza za ufunguzi unaoujua zisizidi dakika kumi. Tenga dakika 40 hadi 50 kwa hatua ya 11 hadi ya 25, maana ndiko mchezo huamuliwa. Katika mchezo wetu uamuzi wa maisha na mauti ulikuwa hatua ya 17. Usishuke chini ya dakika kumi kabla ya hatua ya 35. Nyongeza ya sekunde 30 inatosha kuandika na kusogeza, haitoshi kuhesabu sadaka.

Mashindano mengine hutumia dakika 60 bila nyongeza. Hapo hesabu hubadilika kabisa, na kanuni inakuruhusu kuacha kuandika hatua ukibakiwa na chini ya dakika tano. Penye nyongeza ya sekunde 30 au zaidi huruhusiwi kuacha kuandika, hata ukibaki na sekunde tatu.

Kanuni ya kugusa kete inafanyaje kazi?

Ukigusa kete yako kwa makusudi, lazima uisogeze ikiwa ina hatua halali. Ukigusa ya mpinzani, lazima uile ikiwezekana. Kutaka tu kuiweka katikati ya mraba kunahitaji useme kwanza "narekebisha", tena iwe zamu yako.

Kaslingi ina mtego wake: gusa mfalme kwanza, msogeze miraba miwili, kisha ngome, kwa mkono mmoja huo huo. Ukianza na ngome, mwamuzi atakunyima kaslingi na utalazimika kusogeza ngome ile. Katika ufunguzi huu ambao maisha yote ni kuhusu nani anafanya kaslingi kwanza, kosa hilo ni ghali.

Saa hubonyezwa kwa mkono ule ule uliosogeza kete. Ukiibonyeza bila kucheza, inahesabiwa kama hatua isiyo halali. Hali kadhalika askari akifika mwisho nawe ukabonyeza saa kabla ya kuweka malkia. Hatua isiyo halali ya kwanza humpa mpinzani dakika mbili. Ya pili unapoteza mchezo.

Naweza kuandika hatua kabla ya kuicheza?

Hapana, isipokuwa unapodai sare kwa mwamuzi. Cheza, bonyeza saa, andika.

Sare inaombwaje?

Cheza hatua yako, sema "sare?", kisha bonyeza saa. Usiseme mara mbili tatu, huo ni usumbufu. Ikiwa nafasi ile ile inataka kutokea mara ya tatu, andika hatua utakayocheza, usiicheze, simamisha saa na umwite mwamuzi. Wengi huicheza kwanza halafu ndipo wanadai, na haki yao inakuwa imepita kwa mpinzani. Hatua 50 bila kula wala kusogeza askari nazo hudaiwa vivyo hivyo. Nafasi ikirudi mara tano, au hatua zikifika 75, mchezo ni sare hata bila mtu kudai.

Simu nifanyie nini?

Iache nyumbani, au izime kabisa na uiweke kwenye begi kwa idhini ya mwamuzi, mbali na mwili wako. Ukikutwa nayo mfukoni ndani ya eneo la mashindano, umepoteza mchezo, hata kama imezimwa. Ikiwa ujumbe wa M-Pesa wa ada ya kuingia uko kwenye simu, uonyeshe mezani kwa waandalizi kabla ya kuizima. Saa za mkononi zinazounganishwa na simu nazo ni vilevile.

Nikichelewa je?

Saa yako inaanzishwa raundi inapoanza, uwepo usiwepo. Muda wa kuchelewa unaoruhusiwa huandikwa kwenye tangazo la mashindano. Kama haukuandikwa, kanuni za FIDE huhesabu sifuri, yaani ukikosekana raundi inapoanza umepoteza. Raundi ya saa tatu asubuhi na wewe unatoka upande wa Thika Road au Waiyaki Way, lenga kufika saa mbili na nusu. Mvua za Aprili zikinyesha ongeza nusu saa. Kushindwa na matatu iliyokwama ni kushindwa kubaya kuliko kushindwa na Møller.

Nahitaji kubeba nini?

Kalamu mbili, maji, kitu chepesi cha kula. Baadhi ya mashindano huomba wachezaji waje na ubao na saa, kwa hiyo soma tangazo. Ukinunua seti, ya viwango ina mfalme wa urefu wa karibu sentimita 9.5 na miraba ya sentimita 5 hadi 6. Ubao wa plastiki unaokunjwa unatosha, na ni mwepesi wa kubeba kwenye matatu.

Nikicheza nitapata alama za FIDE?

Ikiwa mashindano yamesajiliwa kwa ajili hiyo na una namba ya FIDE, ambayo hutolewa kupitia shirikisho la nchi, kwetu Chess Kenya. Alama za kwanza huhitaji angalau michezo mitano dhidi ya wapinzani wenye alama, na tangu Machi 2024 kiwango cha chini kinachochapishwa ni 1400. Orodha hutoka kila mwezi.

Ukishapata, mchezaji mpya hutumia kipimo cha 40 hadi afikishe michezo 30. Yaani ukimshinda mwenye alama sawa nawe unaongeza 20, na ukimshinda aliyekuzidi kwa 200 unaongeza takribani 30. Kupoteza nako hukata kwa kipimo hicho hicho, ndiyo maana alama za wapya hupanda na kushuka kwa kasi. Usifanye uamuzi wowote mkubwa kuhusu ufunguzi wako kwa sababu ya wikendi moja.

Nina wiki mbili tu. Nisome nini?

Wiki ya kwanza, mpango wa 5.d3 hadi hatua ya 11, ukicheza pande zote mbili za ubao, michezo kumi ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 dhidi ya mwenzako au kwenye tovuti ya Lichess, ambayo ni ya bure. Baada ya kila mchezo tafuta hatua moja tu: ile ya kwanza ambayo hukujua ucheze nini. Iandike daftarini pamoja na jibu sahihi. Usiiwashe injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua hatua, kabla hujaandika jibu lako mwenyewe.

Wiki ya pili, siku tatu za mwanzo ni za mitego: 3...Nd4, 4.Ng5 na jibu lake, na 6...Bb6. Siku mbili zinazofuata rudi kwenye mchezo wa Hastings kuanzia hatua ya 13. Ficha hatua za Nyeupe, kisia kila moja, dakika tatu kwa hatua. Ukifika ya 22 na ukaiona ngome ya e7 peke yako, umeiva. Usipoiona hakuna neno. Angalia tu kama uliigundua ile mati ya Rxc1+ iliyokuwa ikikungoja. Siku ya mwisho kabla ya mashindano usisome ufunguzi mpya wowote. Hakiki mahali na saa ya raundi ya kwanza, chaji saa ya chesi kama ni ya betri ya kuchaji, ulale mapema.